Mtumba na namba 6309

Belo likifunguliwa sokoni Karume au Gikomba, kisu hupita kwenye mikanda ya plastiki, nguo zikafumuka kama unga uliotiwa hamira, na wanunuzi wakagombea mashati ya gredi ya kwanza. Bandarini belo hilo lilikwisha kupewa jina la kiforodha: 6309.

Namba hiyo ina masharti mawili. Nguo ionekane wazi kwamba imevaliwa, na iwe imeletwa kwa wingi: shelashela, au ndani ya belo, gunia au kifungashio cha aina hiyo. Sharti moja likikosekana, shati hurudi sura ya 61 au 62 ya orodha ya forodha, pamoja na mashati mapya. Viatu navyo, ambavyo kwa kawaida hukaa sura ya 64, vikishachakaa na kubanwa kwenye belo huhamia 6309. Kinachonifurahisha ni kwamba Kiswahili kilikwisha kufika huko: mtumba, kabla ya kuwa nguo kuukuu, ulikuwa furushi. Tuliiita nguo kwa mzigo wake, na sheria ya forodha ikafanya vivyo hivyo.

Zamani forodha za pwani hazikuhitaji ujanja huo wa majina. Mkataba wa Sultani Sayyid Said na Marekani wa 1833 ulitoza asilimia 5 ya shehena iliyoshushwa, basi. Iwe bunduki, iwe jora la merikani, kiwango kilikuwa kilekile. Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyekodi forodha ya Zanzibar kwa Sultani, ilimpasa ajue thamani ya mzigo. Jina la bidhaa halikupandisha ushuru wala kuushusha.

Jina huanza kuuma viwango vinapotofautiana. Sheria ya Marekani ya 1883 ilitoza mboga asilimia 10 na kuyaachia matunda yapite bure. Akina Nix, wafanyabiashara wa New York, wakamshtaki Edward Hedden, mkusanya ushuru wa bandari, wakidai nyanya ni tunda. Kamusi zikasomwa mahakamani. Mwaka 1893 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikubali kwamba kwa elimu ya mimea nyanya ni tunda, lakini kwa kuwa huliwa pamoja na nyama na samaki, si kama kitindamlo, ni mboga. Kwetu ni kiungo. Kesi ingekuwa na pande tatu.

Kwa kuwa kila nchi ilikuwa na orodha yake, hata kulinganisha takwimu za biashara kulikuwa kazi. Mwaka 1913 mjini Brussels nchi kadhaa zilikubaliana orodha ya aina 186 tu, kuanzia wanyama hai hadi dhahabu na fedha. Orodha nyingine zikafuata, ila Marekani na Kanada zilibaki na zao. Mfumo wa HS (Harmonized System) tulionao wa kupanga bidhaa ulitiwa saini 1983 na kuanza kutumika Januari 1, 1988: tarakimu sita, makundi zaidi ya 5,000. Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza tarakimu mbili, ndiyo maana mtumba huandikwa 6309.00.00. Orodha hurekebishwa kila baada ya miaka mitano hivi; simujanja ilipata namba yake yenyewe mwaka 2022 tu.

Turudi kwenye belo. Mara mojamoja hutoka shati lenye kibandiko cha bei cha dukani, halijagusa mwili wa mtu. Kwa masharti yale, hilo si la 6309. Muuza mitumba hulitundika mbele kabisa.