Mali Hai: Historia Fupi ya Uhifadhi Kwetu



Mwaka huu tunachangia vitalu vya miche na safari za mafunzo kwa ajili ya klabu za Malihai katika shule zetu. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini fedha hizo zisinunue madawati. Swali ni la haki, na jibu lake linaanzia mbali.

Hifadhi kubwa ya kaskazini mwa mkoa wetu haikuanza kwa ridhaa ya wazee wetu. Wajerumani walitenga mapori ya akiba huko Rufiji mwaka 1896. Vikaja Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, na njaa iliyovifuata; watu wakatawanyika, pori likameza mashamba. Mwaka 1922 Waingereza waliunganisha mapori hayo na kuyapa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho mwaka 1917. Mkuki wa babu ukawa ujangili, bunduki ya mgeni mwenye leseni ikawa utalii. Ndiyo maana kwa miaka mingi tembo alihesabiwa kuwa wa serikali, na aliyemuua hakuonekana kuwa ametuibia sisi.

Na tuliibiwa. Mwaka 1976 Selous ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000. Mhasibu akiona upungufu wa namna hiyo ghalani huita polisi kabla ya kufunga daftari.

Klabu za Malihai zilianzishwa mwaka 1980 kubadili fikra hiyo kuanzia shuleni. Jina lenyewe linatosha: mali, tena iliyo hai. Mwanafunzi hujifunza kutambua ndege na miti, hupanda miche, hutembelea hifadhi akaone kwa macho yake. Miaka ya 1990 fikra hiyo ilifika kwa watu wazima: chuo cha Likuyu Sekamaganga, Namtumbo, kilianza kufundisha askari wanyamapori wa vijiji, na baadaye vijiji vya Namtumbo na Tunduru vikatenga ardhi yao wenyewe katika ushoroba ambao tembo hupita kwenda Niassa, Msumbiji.

Sisi wa mjini hatuna ushoroba. Tuna Matogoro, inakochimbuka mito ya Ruvuma, Luhira na Luwegu, na tuna bustani ya wanyama ya Ruhila, ambayo watoto wengi wa Songea huisikia tu. Klabu bila nauli ya basi hubaki jina ubaoni. Miche bila mwagiliaji wakati wa likizo hukauka. Hizo ndizo gharama tunazoomba mzibebe: viriba, mbegu, ujira wa mwagiliaji na nauli.

Kila mchango, hata wa shilingi elfu moja, utakatiwa stakabadhi, na hesabu zitasomwa mbele yenu kwenye mkutano mkuu.