Asili Moja, Hatima Mbili: Hali ya Kiuchumi na Kijamii ya Wanubi wa Arua na Koboko Ikilinganishwa na ya Wanubi wa Kibera

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha jumuiya mbili zilizotokana na askari walewale wa karne ya 19: Wanubi wa Arua na Koboko katika Nile Magharibi, Uganda, na Wanubi wa Kibera, jijini Nairobi. Hoja kuu ni kwamba tofauti ya maisha yao ya leo haikuletwa na asili, dini wala lugha, kwa kuwa hayo wanashiriki. Ililetwa na sheria ya uraia, umiliki wa ardhi na mahali ambapo mpaka wa kikoloni uliwaacha. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha nafasi ya Kinubi na Kiswahili katika sera za maeneo ya mpakani.

Utangulizi

Wanaochunguza vizazi vya wahamiaji hukabiliwa na swali moja kongwe: je, hali ya wajukuu huamuliwa na kile ambacho babu alikuja nacho, au na kile alichokikuta? Wabaski waliovuka bahari kwenda Argentina na Uruguay katika karne ya 19 hutolewa mara nyingi kuwa mfano wa bidii iliyozaa ustawi. Lakini walifika katika nchi zilizohitaji watu, na mtoto wao aliyezaliwa Argentina alikuwa raia tangu siku ya kwanza. Ni vigumu, kwa mfano huo peke yake, kuitenga bidii ya mhamiaji na ukarimu wa sheria.

Afrika Mashariki ina mfano unaoruhusu utengano huo. Wanubi wa Uganda na wa Kenya wana babu wamoja, dini moja na lugha moja, na walimtumikia mwajiri mmoja. Kilichowatenga ni mpaka. Ndiyo maana ulinganisho wao unaweza kutufunza jambo ambalo mifano ya mbali haiwezi kutufunza kwa uwazi kama huo.

Chimbuko moja

Jina "Wanubi" linaweza kupotosha. Wengi wa babu zao hawakutoka Nubia ya kaskazini mwa Sudani. Walikuwa Wadinka, Wabari, Wamakaraka, Wamadi, Wakakwa, Walugbara na wengineo, waliotekwa au kuandikishwa katika jeshi la utawala wa Misri na Uturuki katika jimbo la Ekwatoria. Emin Pasha aliteuliwa gavana wa jimbo hilo mwaka 1878. Vita vya Mahdi vilipoikata njia ya Khartoum, na mji huo ulipoanguka Januari 1885, askari wake walibaki wamezingirwa katika vituo vya kando ya Nile, kikiwemo Wadelai, ndani ya eneo ambalo leo ni Nile Magharibi.

Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889. Askari wengi walibaki. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, chini ya uongozi wa Selim Bey, akawaingiza katika utumishi wa Kampuni ya Kiingereza pamoja na maelfu ya wanawake, watoto na wafuasi wao. Hapo tayari walikuwa zaidi ya jeshi: walikuwa jamii yenye ndoa zake, dini yake na lugha yake, yaani krioli ya Kiarabu tunayoiita Kinubi.

Mwaka 1897 baadhi yao waliasi huko Ravine, kwa malalamiko ya mishahara duni iliyocheleweshwa na safari zisizokwisha. Ravine wakati huo ilikuwa ndani ya himaya ya Uganda. Mwaka 1902 mkoa huo wa mashariki ulihamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya, na mwaka huohuo vikosi vya kikoloni viliunganishwa kuwa King's African Rifles. Kwa mabadiliko hayo, askari wa himaya moja waligawanywa pande mbili bila wao kuulizwa.

Arua na Koboko: waliorudi karibu na kwao

Nile Magharibi nayo ilibadilisha mabwana kwa kasi. Ilikuwa sehemu ya Lado, eneo alilokodishwa Mfalme Leopold mwaka 1894. Baada ya kifo chake Desemba 1909 ikaenda Sudani, na mwaka 1914 sehemu ya kusini ikaingizwa Uganda, Arua ikiwa makao ya wilaya. Serikali ilifika pamoja na askari, na askari walikuja na Kinubi, Uislamu na Kiswahili cha kambini.

Hapa pana jambo la msingi katika ulinganisho wetu. Katika Nile Magharibi, Unubi ulikuwa kama mlango ulio wazi. Kijana wa Kikakwa au wa Kilugbara aliyesilimu, akaishi mjini, akajifunza Kinubi na kuingia jeshini, aliweza kuhesabiwa Mnubi bila kukana ukoo wake. Aidan Southall na Omari Kokole, kila mmoja kwa njia yake, walilitilia mkazo jambo hili: Unubi ulikuwa hali ya kijamii ambayo mtu aliweza kuiingia. Kwa hiyo Wanubi wa Arua na Koboko walikuwa wahamiaji na wenyeji kwa wakati mmoja. Wengi wao walikuwa na wajomba vijijini.

Kiuchumi, mkoa uliachwa uwe ghala la nguvukazi. Vijana walikwenda katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, au jeshini. Reli ilifika Pakwach mwaka 1964 tu, nayo haikuendelea hadi Arua. Wanubi, wakiwa watu wa mjini wasio na ardhi kubwa ya ukoo, waliegemea mshahara wa jeshi, biashara ndogondogo na ususi wa wanawake.

Utawala wa Idi Amin (1971–1979), ambaye baba yake alikuwa Mkakwa wa Koboko, uliwapandisha baadhi yao ghafla. Vyeo vya jeshi vilipatikana, na baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972 baadhi yao waligawiwa maduka. Neema hiyo haikuwa na mizizi. Amin alipoangushwa Aprili 1979, mkoa mzima ulibebeshwa makosa ya utawala wake. Kisasi cha wanajeshi kiliwakumba Wakakwa, Walugbara na Wanubi bila kubagua mwenye hatia na asiye nayo. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humohumo. Maelfu walivuka kwenda Sudani na Zaire. Waliporudi miaka ya 1980, wengi walianza upya, na uasi wa miaka ya 1990 uliendelea kuichelewesha neema. Mkataba wa amani na kundi la UNRF II ulitiwa saini Yumbe Desemba 2002.

Uchumi wa leo umejengwa juu ya mpaka. Koboko, iliyofanywa wilaya mwaka 2005, inapakana na Kongo na Sudani Kusini, na Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Arua, jiji tangu Julai 2020, ni soko la Kongo upande wa Vurra na la Sudani Kusini upande wa Oraba. Mkataba wa amani wa Sudani wa mwaka 2005 ulifungua soko la Juba, na mfanyabiashara mwenye Kinubi alikuta Kiarabu cha Juba ni lugha ndugu. Vita vya Desemba 2013 na vya Julai 2016 vililiharibu soko hilo, vikaleta wakimbizi badala ya wateja. Mpaka unaolisha, kwa hakika, ndio mpaka unaofilisi.

Kibera: waliobaki ugenini

Wanubi wa Kenya walipewa makao pembezoni mwa Nairobi, mahali walipopaita Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Askari wastaafu walipewa vibali vya kukaa, lakini si hati za kumiliki. Mwaka 1928 eneo likaondolewa mikononi mwa jeshi, na tangu hapo mkaaji akawa mpangaji wa hiari ya serikali: huruhusiwa kuwapo, huhakikishiwi kubaki.

Kutokana na hali hiyo ulizuka uchumi wa aina yake. Asiyeruhusiwa kujenga nyumba ya kudumu hujenga vyumba vya udongo, na mji ulipofurika wahamiaji vyumba hivyo vikawa vya kupangisha. Wanawake walipika pombe ya kienyeji, wakasuka na kuuza. Wakati huohuo, hasa baada ya uhuru, ardhi ilimegwa kwa ajili ya mitaa mipya kama Ayany na Olympic. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alipokabidhi hati ya jumuiya, ilikuwa ya ekari 288, chini ya asilimia 7 ya zile za mwaka 1918.

Upande wa uraia, Katiba ya 1963 ilitoa haki kwa aliyezaliwa Kenya ikiwa mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Kwa maandishi, Mnubi alitosha. Katika ofisi za vitambulisho hakutosha: alipelekwa mbele ya kamati za uchunguzi na kutakiwa kuthibitisha ukoo ambao hakuna kijiji cha kuushuhudia. Bila kitambulisho hakuna ajira rasmi, akaunti ya benki wala kura. Machi 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto wa Kinubi, ikiwemo haki ya uraia, na mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu nayo ikatoa uamuzi kwa upande wa jumuiya. Katika sensa ya 2009 Wanubi walihesabiwa kwa jina lao. Walikuwa zaidi ya 15,000.

Ulinganisho

Kwanza, uraia. Katiba ya Uganda ya 1995 inamtambua kuwa raia aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi au babu yake ni wa jamii zilizokuwepo nchini tarehe 1 Februari 1926, na orodha ya jamii hizo inawataja Wanubi. Neno hilo moja katika jedwali limewaondolea Wanubi wa Arua mzigo ambao wenzao wa Kibera waliubeba kwa vizazi vitatu. Mateso ya Arua na Koboko yalikuwa ya kisiasa, na yalikuwa makali zaidi kwa umwagaji damu. Lakini mtu wa Arua alifukuzwa akiwa Mganda, akarudi akiwa Mganda.

Pili, ardhi. Hapa picha haiegemei upande mmoja. Kibera ina thamani ya jiji kubwa, na chumba cha kupangisha huleta fedha ambazo hazipatikani kirahisi Koboko. Lakini ni fedha iliyokaa juu ya ardhi isiyo na uhakika. Katika Nile Magharibi ardhi nyingi ni ya mila na ya ukoo. Mnubi mwenye wajomba hupata pa kulima. Asiye nao hubaki mjini na kiwanja chake. Mlango uliokuwa wazi kwa kuingia Unubini ukawa pia njia ya kurudi kijijini. Kibera mlango huo haukuwepo, kwa kuwa majirani walikuwa wahamiaji wenzao.

Tatu, mwajiri. Pande zote mbili jeshi lilimlea Mnubi kwa mshahara na kumnyima sababu ya kuwekeza katika shule. Mshahara ulipokoma, pande zote mbili zilijikuta nyuma katika elimu rasmi, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo. Hili ndilo fungu la urithi ambalo mpaka haukulibadilisha.

Lugha kama ushahidi

Lugha yenyewe inasimulia historia hii. Bernd Heine alieleza Kinubi cha Kibera mwaka 1982, na Ineke Wellens kile cha Uganda mwaka 2005. Kinubi cha Kenya kimekopa kwa wingi kutoka Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya mtaa, shule na soko. Katika Nile Magharibi, Kinubi na Kiswahili vimekaa bega kwa bega, vyote vikiwa lugha za mji na za njia.

Hata hivyo, Kiswahili Uganda kina jeraha. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na waliokisikia kikitamkwa na askari kwenye vizuizi vya barabarani hawakukisahau. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Ajabu ni kwamba sera hii hujadiliwa kana kwamba Uganda inaanza kutoka sifuri, ilhali sokoni Arua Kiswahili kinafanya kazi kila siku kati ya Mlugbara, Mkongo na Msudani Kusini.

Hitimisho na mapendekezo

Watu walewale, chini ya sheria tofauti, wamepata maisha tofauti. Kwa hiyo si sahihi kuueleza umaskini wa jumuiya ya wahamiaji kwa kutaja tabia zao kabla ya kuzichunguza hati zao. Makala yanapendekeza mambo matatu. Mosi, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilinganishe sheria zao za uraia kwa jamii zilizogawanywa na mipaka, na mfano wa jedwali la Uganda uzingatiwe, pamoja na tahadhari kwamba kila orodha humwacha mtu nje. Pili, utoaji wa hati za ardhi za jumuiya usiishie kwenye sherehe. Uandamane na upimaji na ulinzi wa haki za wanawake warithi. Tatu, ufundishaji wa Kiswahili Uganda utumie hazina ya Nile Magharibi: walimu watafutwe Arua na Koboko, si Kampala peke yake, na Kinubi kihifadhiwe kwa maandishi kabla ya wazee wanaokijua vyema kutoweka.

Askari wa Selim Bey hawakuchagua upande gani wa mpaka wajukuu wao wangezaliwa. Serikali za leo ndizo zenye uwezo wa kuamua iwapo ajali hiyo ya historia itaendelea kuwa hukumu.