Picha za Nyoka katika Kuta za Usukuma

Kabla ya rangi za makopo kuenea madukani, Wasukuma walikuwa na mahali pao pa kuchora wanyama: kuta za udongo za nyumba za Bayeye. Bayeye ni chama cha watu wajuao kukamata nyoka, kuwachezesha ngomani na kuwatibu waliogongwa nao. Ngoma ilichezwa uwanjani, kila apitaye akaitazama. Picha zilikuwa ndani, nazo zilikuwa mafunzo ya wale walioingizwa chamani. Nyoka alichorwa amejipinda, mtu naye kwa mistari michache tu, kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Mchoraji hakutafuta kumfananisha kiumbe barabara. Mzaha ulikuwamo, na hofu pia.

Bwana Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alizikusanya picha hizo katika kitabu kilichochapishwa London mwaka wa 1953. Basi ikawa ajabu: msomaji wa London aliweza kununua dukani kile ambacho jirani wa Bayeye, asiyeingizwa chamani, hakuruhusiwa kukitazama.

Ukuta wa udongo hauvumilii mvua. Picha iliishi kwa kuwa palikuwa na mtu wa kuipaka tena. Katika miaka ya 1950 wakulima wengi wa Usukuma walihamia Geita kutafuta ardhi, na katika miaka ya 1970 operesheni ya vijiji iliwatoa watu wengi katika makazi yao ya zamani. Nyumba ikiachwa, mchoro huanguka pamoja nayo. Kitabu kimehifadhi mistari, lakini maelezo yake ni yale aliyoambiwa mgeni. Mwalimu aliyesimama mbele ya ukuta, akionyesha kwa kidole, hayumo.

Mwaka wa 1968, huko Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, alianza kuchora wanyama juu ya vibao kwa rangi ya baiskeli. Huyo asihesabiwe mrithi wa Bayeye. Picha zake ziliuzwa peupe, kwa yeyote mwenye fedha, wala hazikumtaka mnunuzi afundishwe lolote kwanza.

Bayeye wenyewe hawakunyamaza. Katika sikukuu ya Bulabo, huko Bujora karibu na Mwanza, ngoma hushindana, na nyoka huletwa uwanjani akiwa hai.