Farasi wa Sena na Wajibu wa Kuthibitisha Khabari

Ndugu Waislamu, katika Sura ya Hujurat, Aya ya 6, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kuichunguza khabari tunayoletewa na fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukabaki kujuta. Wengi wetu tukiisoma aya hii hukumbuka fitina za mitaani na kesi za makadhi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba hata dawa ya mnyama ni khabari, na kwamba anayeileta aweza kuwa mkweli, aweza kuwa mwongo, na aghalabu ni mtu mwema asiyejua.

Hapa Sekenke, ambapo barabara itokayo Singida huteremka mlima kuingia mbuga ya Wembere, farasi ni nadra. Mnyama wetu wa kazi ni punda, ndugu yake farasi. Lakini punda akiugua, mwenyewe hupata waganga kumi kabla ya jua kuchwa. Huyu asema mnyweshe mafuta, yule asema mtoe damu, na wa tatu asema kwa sauti ya chini: "Jirani yako kamlisha sumu." Neno hili la tatu ndilo la kuogopwa kuliko yote, na katika tarikhi ya pwani yetu lilikwisha kumwaga damu ya Waislamu.

Mwaka 1569 mfalme wa Ureno alimtuma Francisco Barreto, aliyekuwa gavana wa Ureno huko Bara Hindi, aende kuiteka nchi ya Mutapa na machimbo yake ya dhahabu. Sisi wa Sekenke twaijua nguvu ya neno hilo dhahabu, kwani ya mgodi wetu wa zama za Wajerumani ndiyo iliyopigiwa sarafu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916. Barreto aliupanda mto Zambezi pamoja na askari na farasi wake, na mwishoni mwa mwaka 1571 akafika Sena. Hapo palikuwa na Waislamu wafanya biashara, watu wa mwambao huu huu, waliotangulia kuishi hapo kabla ya Mreno.

Haukupita muda farasi wakaanza kufa, na askari wakaanza kuugua. Wareno hawakuuliza kama hewa, maji au wadudu wa nchi ile ndio sababu. Walisema Waislamu wametia sumu. Padri Monclaro, aliyefuatana na jeshi na kuiandika safari ile, alikuwa katika walioshikilia shutuma hiyo. Waislamu wa Sena wakakamatwa na kuuawa kwa mateso ya kutisha, na mali zao zikachukuliwa.

Basi je, maradhi yalikoma? Hayakukoma. Farasi waliendelea kufa, askari waliendelea kuzikwa, na Barreto mwenyewe alifia huko huko Sena mwaka 1573. Wanaoitazama khabari ile leo wanaona kuwa farasi waliuawa na maradhi ya nchi: nagana iletwayo na mbung'o, au ile homa ya farasi ienezwayo na usubi. Waliokwisha uawa hawakuweza kurudishiwa roho zao.

Baada ya hapo zilipita karne tatu, na watu waliendelea kutibu kwa dhana. Dk. Livingstone alimpa majike wa farasi aliyeumwa na mbung'o dawa ya aseniki, kidogo kidogo kila siku. Manyoya yakalainika, mnyama akaonekana amepona. Lau angeandika siku ile, dunia ingepata dawa ya uongo kutoka kwa mtu mkweli. Lakini alingoja, na baada ya miezi farasi yule akakonda tena, akafa. Livingstone akaieleza khabari yote katika jarida la matabibu wa Kiingereza mwaka 1858, pamoja na mwisho wake mbaya. Huo ndio uaminifu.

Mwengine hakungoja. Mwaka 1876 mmishionari Roger Price alitoka Saadani na maksai wachache, akafika Mpwapwa na kurudi. Akatoa khabari kwamba njia inafaa kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Hakusema uongo, aliyaona kwa macho yake. Lakini aliona safari moja fupi, na maradhi ya mbung'o huua polepole. Mwaka 1877 msafara mkubwa ukaifuata njia ile kwa kulitegemea neno lake, na maksai wakafa kwa wingi. Maksai si farasi, lakini nzi ni yule yule.

Aliyelifungua fundo ni David Bruce, tabibu wa jeshi la Kiingereza, huko Zululand, miaka ya 1894 na 1895. Alitazama damu ya ng'ombe wagonjwa kwa darubini, akakiona kijidudu. Lakini hakutosheka na hilo. Aliwateremsha farasi wazima mpaka kwenye pori la mbung'o, akawazuia wasile wala wasinywe chochote cha huko, nao wakaugua. Kisha akachukua majani na maji ya pori lile, akawapa farasi wengine waliokaa mahali pasipo na nzi, nao hawakuugua. Msomaji, itazame vizuri kazi hii. Si malisho, si maji, bali ni nzi! Laiti pale Sena angekuwapo mtu mmoja wa kuuliza hivyo kabla ya kamba na panga kuletwa.

Wanavyuoni wetu wa Hadithi waliijua njia hii ya kuuliza tangu zamani. Hawakuipokea kauli mpaka wajue nani kaisema, kaipokea kwa nani, na je, alikuwa mkweli na mwenye hifadhi nzuri. Hupendwa kusimuliwa kisa cha Imam Bukhari kumwacha mpokezi fulani baada ya kumwona akimdanganya farasi wake kwa nguo tupu, kana kwamba ndani yake mna shayiri. Kisa ni kitamu na mafunzo yake ni mazuri, lakini wajuzi wa fani hiyo hueleza kuwa hakina isnadi ya kutegemewa. Kwa hivyo hata kisa cha kutufundisha kuthibitisha, nacho hapana budi kithibitishwe.

Basi ukipewa ushauri juu ya farasi au punda wako, uliza mambo manne.

Kwanza, anayesema ameona mwenyewe au amesikia? Penye wengi pana mengi.

Pili, alingoja muda gani? Manyoya kung'aa kwa wiki moja si kupona.

Tatu, alimwona mnyama gani? Diminazini, dawa itumiwayo sana kwa ng'ombe wenye nagana, huweza kumdhuru farasi na punda, kwa kuwa miili yao haiivumilii vyema. Kadhalika farasi hawezi kutapika, basi ukimnywesha kitu kibaya hana njia ya kukirudisha. Kumpa dawa ya jirani bila ya kumwuliza mganga wa mifugo aliyesomea kazi hiyo ni kuhatarisha amana.

Nne, je, ushauri huo unamtuhumu mtu? Ukiwa unamtuhumu, simama hapo hapo. Mnyama akifa hulipwa kwa fedha, lakini heshima ya Mwislamu na damu yake hulipwa kwa nini?

Mtume (s.a.w.) amemsifu farasi kwa kheri katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, na akatukataza kuwatesa wanyama. Kumtibu mnyama kwa uvumi ni katika kumtesa, hata kama nia ni njema. Na kumdhania mwenzako kwa sababu ya mnyama ni dhulma juu ya dhulma.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kusema, na kungoja kabla ya kuhukumu. Amin.