Biashara ya kimataifa na uvuvi: Magwagwa na Ziwa Victoria

Magwagwa ni wadi ya Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira, jirani na mto Sondu unaomwaga maji yake Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Mto huu ni njia ya ningu, samaki anayepanda mkondo msimu wa mvua ili kutaga mayai.

Nguvu ya sera za biashara ilionekana ziwani humo mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa sangara kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Ilibidi ukaguzi wa viwanda na mialo uimarishwe ndipo soko lifunguliwe tena. Lakini minofu ikisafirishwa Ulaya, mwananchi hubaki na mgongo wazi: kichwa na mifupa yenye nyama kiduchu, iliyokaangwa hadi ikakauka. Sera inayohesabu fedha za kigeni peke yake humsahau mlaji huyu.

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu ruzuku za uvuvi, uliopitishwa Juni 2022 na kuridhiwa pia na Kenya, ulianza kutumika tarehe 15 Septemba 2025. Unakataza ruzuku kwa uvuvi haramu na kwa uvuvi wa samaki waliokwisha kuvuliwa kupita kiasi. Hata hivyo unahusu bahari tu. Sangara wa ziwani na ningu wa Sondu hawamo, na hilo ni pengo kubwa.