Kwezi wa Ikanga na Kilima cha Mutomo

Ikanga ni soko dogo kwenye barabara itokayo Kitui kwenda Mutomo. Wengi hulipita wakiwa ndani ya matatu bila kujua kwamba jina lake limo katika vitabu vya ndege tangu mwaka wa 1878. Mwaka huo Jean Cabanis, mtaalamu wa ndege katika makumbusho ya Berlin, aliwatangazia wanasayansi wenzake kwezi ambaye hawakuwa wamemwandika bado: mgongo wa buluu unaong'aa, tumbo la rangi ya kutu, macho mekundu. Ndege aliyemtumia alitoka Ikanga, Ukambani. Alikuwa amekusanywa na Mjerumani Johann Maria Hildebrandt, msafiri aliyefika Kitui mwaka wa 1877 akitaka kuufikia Mlima Kenya, akashindwa na kurudi. Mpaka leo ndege huyo anaitwa kwezi wa Hildebrandt, na bado anaonekana Ukambani, mara nyingi akichanganyika na yule kwezi mwingine mwenye mstari mweupe kifuani.

Hivyo ndivyo orodha za viumbe wa nyika hii zilivyoanza kuandikwa. Msafiri alichagua alichokitaka, iwe ngozi za ndege, mimea iliyokaushwa au wadudu, kikafungwa na kupelekwa pwani, kisha Ulaya. Aliyetaka kumjua kwezi wa Ikanga kwa undani ilimbidi aende Berlin. Watu wa Ikanga, waliokuwa wakimwona kila asubuhi, hawakubakiwa na chochote cha maandishi.

Mambo yalianza kusogea karibu na nyumbani mwaka wa 1909, ilipoundwa jumuiya ya wapenda mazingira ya Afrika Mashariki na Uganda. Leo wengi tunaijua kwa jina la Nature Kenya. Makusanyo sasa yaliweza kubaki Nairobi, katika makumbusho yaliyokuja kuitwa Coryndon, ambayo ndiyo chimbuko la Makumbusho ya Taifa. Humo alifanya kazi mtu ambaye Mutomo inapaswa kumkumbuka zaidi ya inavyomkumbuka: Peter Bally, Mswisi, mtaalamu wa mimea wa Coryndon kuanzia 1938 hadi 1958. Magazeti humtaja kama mume wa zamani wa mwandishi Joy Adamson, na basi. Lakini Bally alikuwa ameipenda mimea ambayo wengi waliiona kuwa ya miiba tu: mishubiri, minyaa, na jamii nzima ya mimea ya ukame inayohifadhi maji katika mashina na majani yake.

Katika miaka ya 1960 mapenzi hayo yalizaa hifadhi ya mimea kwenye Kilima cha Mutomo, na mwaka wa 1968 makala yake kuihusu ikatoka katika kitabu kilichochapishwa Uppsala, Sweden, juu ya uhifadhi wa uoto wa Afrika kusini mwa Sahara. Kilima cha mawe kina namna yake ya kulinda mimea. Mvua ikinyesha, maji hutiririka juu ya mwamba na kujikusanya katika nyufa, na moto wa nyika haupandi kirahisi pasipo na nyasi nyingi. Bally aliuchagua mkusanyiko wenye mada moja, yaani mimea ya ukame, akaacha mada hiyo ikae papo hapo inapoota. Kwangu mimi hilo ndilo badiliko kubwa katika historia nzima ninayoisimulia. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa Mutomo angeweza kuusoma mkusanyiko wa kisayansi kwa kupanda kilima cha kwao.

Ndege nao walirudi kuhesabiwa, safari hii kwa ramani. Mwaka wa 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walichapisha atlasi ya ndege wa Kenya, nchi ikiwa imegawanywa katika miraba ya kilomita 55 hivi kila upande. Mraba wa ukubwa huo huimeza Mutomo na majirani zake wengi kwa pamoja, na msomaji hawezi kujua kama ndege alionekana mtoni au kilimani. Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013, ulipunguza kipimo hicho. Mraba mmoja wa atlasi ya zamani sasa una pentadi 36, na kila pentadi ina kilomita tisa hivi kwa tisa. Mtazamaji hutumia angalau saa mbili ndani ya pentadi, akiandika kila aina anayoiona au kuisikia kwa mpangilio alivyokutana nayo, na anaweza kuendelea kuongeza hadi siku tano. Si lazima awe na digrii. Awe na masikio, macho na uaminifu wa kutoandika asichokiona.

Kando ya ramani hizo kumekuja programu za simu kama iNaturalist, iliyoanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka wa 2008. Mtu hupiga picha, wengine duniani humsaidia kutambua kiumbe, na picha huweza kukusanywa chini ya mada yoyote: hondohondo wa eneo fulani, nyayo za wanyama, maua yanayotembelewa na nyuki, wadudu wanaokuja kwenye taa usiku. Hapa Kenya tumeona nguvu ya mada moja. Januari 2016 raia wa kawaida waliingia nyikani kaskazini mwa nchi na kamera kuwapiga picha punda milia wa Grevy. Kwa kuwa mistari ya kila punda ni tofauti, picha hizo ziliwezesha kukadiria idadi yao nchini: 2,350.

Kwa Mutomo, mada ya mishubiri inahitaji tahadhari. Wakamba huuita mshubiri kiluma, na utomvu wake umekuwa na wanunuzi kwa muda mrefu, hata ikabidi mwaka wa 1986 amri ya rais ipige marufuku uvunaji wake porini. Picha inayoonyesha mahali hasa inaweza kumwongoza mwizi. Ndiyo maana iNaturalist huficha mahali pa viumbe walio hatarini, ikionyesha tu eneo pana la kilomita 20 na ushei.

Lakini kama ningeombwa kuchagua mada moja kwa Mutomo, ningechagua nyoka. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka wenye sumu kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka wa 2017, na katika Kitui jambo hilo halihitaji maelezo. Kila kijiji kina mtu aliyeumwa akilima, akichunga au akitafuta kuni. Kuna moma, ambaye sumu yake huozesha nyama. Kuna koboko, ambaye sumu yake huzima pumzi. Kuna swila watema mate, wanaolenga macho.

Kuhusu swila hao upo mfano kutoka Watamu. James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Bio-Ken, alishikilia kwa miaka kwamba swila mkubwa wa kahawia wa maeneo makavu hakuwa sawa na yule mweusi aliyewekwa naye kundi moja. Ashe alifariki 2004. Mwaka wa 2007 Wolfgang Wüster na Donald Broadley wakathibitisha kwamba ni aina tofauti, wakaiita Naja ashei. Mtu aliyekaa karibu na nyoka hao alikuwa ameiona tofauti hiyo mapema kuliko vitabu.

Mkusanyiko wa nyoka wa Mutomo usingehitaji mtu kumkamata nyoka yeyote, wala kumsogelea. Picha ya mbali inatosha. Picha ya nyoka aliyekanyagwa na bodaboda barabarani inatosha, na ya gamba lililovuliwa huweza kusaidia. Kinachotakiwa ni tarehe, saa, mahali, na kama alionekana shambani, ndani ya nyumba au penye kuku. Baada ya misimu michache, mhudumu wa zahanati angejua ni nyoka gani wanaopatikana katika kila sehemu ya Mutha, Ikutha au Kanziko, na ni miezi gani wanaonekana zaidi, kisha aagize dawa kabla mgonjwa hajaletwa.