Bi harusi si lazima avae gauni: Blauzi na sketi nazo zafaa

KWA wengi nchini, harusi ya kanisani au ya kiserikali haikamiliki bila gauni jeupe la kipande kimoja, tena lenye mkia wa kuburura sakafuni. Wapo wanaolinunua, wapo wanaolikodi, na wapo wanaokopa ili wavae kwa saa chache vazi ambalo baadaye litafungiwa sandukuni.

Hata hivyo, ipo njia nyingine: vazi la vipande viwili, yaani blauzi na sketi zilizoshonwa zioane, ilhali kila kipande kinaweza kuvaliwa peke yake.

Mtindo huu si wa jana. Ndoa ya Malkia Victoria wa Uingereza, iliyofungwa Februari 10, 1840, ndiyo iliyochangia pakubwa kueneza desturi ya bi harusi kuvaa nguo nyeupe. Katika karne hiyo ya 19, mafundi wa Ulaya mara nyingi walishona sehemu ya juu na sketi mbalimbali. Sketi moja iliweza hata kuwa na blauzi mbili: moja ya kusitiri mabega mchana, na nyingine ya karamu za usiku.

Hapa kwetu pia, bi harusi wa Kenya mwenye asili ya Kihindi huvaa lehenga, ambayo ni sketi pana inayoandamana na blauzi fupi na mtandio. Nayo leso ya Pwani huuzwa jozi, moja ya kujifunga na nyingine ya kujitanda.

Sheria nayo haina kizuizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Inataka hiari ya wanaooana, umri usiopungua miaka 18 na kuwepo kwa mashahidi, lakini haimwamuru bi harusi avae gauni. Hata hivyo, ni busara kumwuliza mapema kasisi au mchungaji, kwa kuwa baadhi ya makanisa yana kanuni kuhusu mabega na vifua vilivyo wazi.

Faida ya kwanza ya vipande viwili ni kuukaa mwili vyema. Wanawake wengi hawana kipimo kimoja juu na chini. Gauni linalotosha nyonga huenda likapwaya kifuani. Blauzi na sketi hupimwa kila kimoja kivyake. Kwa bi harusi mjamzito, fundi anaweza kuongeza nafasi kiunoni bila kulifumua vazi zima.

Pili, ni nafuu ya mfuko. Blauzi ya lesi inaweza kuvaliwa tena kwa sketi ya kitenge katika sherehe nyingine, nayo sketi ya satini ikapata blauzi ya rangi. Aidha, anayetaka mavazi mawili, moja la ibada na jingine la karamu, hahitaji magauni mawili. Abadilishe blauzi pekee.

Anayepania kuipaka sketi rangi baadaye na achague pamba au hariri. Satini ya poliesta haishiki rangi za kawaida za nyumbani.

Pamoja na hayo, vazi hili linahitaji fundi makini. Weupe una aina nyingi, na vitambaa viwili vinavyofanana dukani huenda vikatofautiana juani au mbele ya kamera. Ikiwa vipande vyote ni vya kitambaa kimoja, vikatwe kutoka jora moja. Ikiwa blauzi ni ya lesi na sketi ni ya satini, viweke pamoja nje ya duka, kwenye mwanga wa mchana, kabla ya kulipa.

Mahali penye hatari zaidi ni kiunoni. Blauzi fupi hupanda bi harusi anapoinua mikono kucheza, na tumbo likabaki wazi mbele ya wakwe. Mwambie fundi aishushe chini ya ukanda wa sketi, kisha ashone kulabu ndogo kwa ndani za kuvishikanisha vipande hivyo. Sketi nzito iwe na ukanda imara na bitana, isije ikateremka kwa uzito wake.

Unapokwenda kujaribisha, vaa viatu, sidiria na gagulo utakavyovaa siku yenyewe, kwani urefu wa sketi hutegemea kisigino cha kiatu. Usisimame tu mbele ya kioo. Keti, piga magoti, panda ngazi na uinue mikono juu. Jaribio la mwisho lifanywe siku kadhaa kabla ya harusi, ili fundi apate muda wa kurekebisha.

Huenda mama au shangazi akashikilia kwamba bila gauni hakuna harusi. Mweleze mapema, na ikiwezekana mwende naye kwa fundi ajionee. Wahenga walinena kuwa mtu hujikuna ajipatapo. Mgeni atalisahau vazi kabla ya mwezi kwisha, lakini deni lake litalipwa na wawili waliooana.